Mkubwa wa Tatu wa Mpira

Mwalimu Seth alikuwa mkubwa wa tatu wa mpira katika misheni ile ndogo ya karibu na Hombolo, na kwa kipimo chochote cha haki aliwapita mbali wawili waliomtangulia. Hilo halikuwa na ubishi. Siku hizo Mdachi ndiye aliyetawala, reli ilikuwa imekwisha pita Dodoma na kuivuka Tabora ikielekea Ziwa Tanganyika, na vijana wa misheni walikuwa wakishuka mjini kila baada ya miezi miwili hivi kucheza na vijana wa stesheni, au wale wa stesheni wakipanda misheni. Chini ya Seth walicheza mechi sita. Walishinda tano, na ya sita wakatoka sare kwa sababu mvua iliugeuza uwanja kuwa tope.

Sasa mlinganishe na Methusela, mkubwa wa kwanza. Methusela hakushinda hata mechi moja, ukiacha ile ambayo vijana wa stesheni hawakutokea. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa na usingizi wa karibu. Alikaa kando ya uwanja juu ya kigoda chake, kibuyu cha maziwa ya mgando kati ya magoti, na mara nyingi goli lilipoingia yeye alikuwa akiota. Siku moja aliona mbuzi wameingia katika shamba la uwele ng'ambo ya uwanja, akamtuma golikipa akawafukuze. Golikipa alikuwa kijana mwenye adabu, akaenda. Mpira ukaingia golini taratibu, watu wote wakiusindikiza kwa macho. Na mpira wa ndani ulipopasuka, Methusela alichinja beberu, akala nyama na wazee wenzake, akawapa vijana kibofu wakipulize. Mpira ule ulikuwa ukiruka upande upande kama kuku mwenye bawa moja, na walifungwa saba.

Yotham, mkubwa wa pili, alikuwa mtoto wa ndugu yake Methusela, na ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Huyu hakulala wala hakumwacha mtu alale. Alipiga kelele tangu mwanzo wa mechi mpaka mwisho, na mchezaji akikosea aliingia uwanjani mwenyewe, na kanzu yake, kumwonyesha inavyotakiwa. Mara mbili alikanyaga pindo akaanguka kifudifudi mbele ya Wahindi wa madukani waliokuja kutazama. Katika mechi nane alishinda moja. Kisha akapata kazi ya unyapara relini, akaondoka na mkewe Dorkasi na kuku wao wote, akaiacha timu bila mtu.

Hapo ndipo Padri, Mwingereza mrefu aliyekuwa amekaa Ugogoni miaka kumi na miwili, alipomkabidhi mpira Seth. Seth alijifunza mpira pwani, katika shule ya misheni, na aliujua kweli. Alichora mistari ya uwanja kwa majivu. Alimpa kila kijana mahali pake na kumkataza kupaacha, hata kama kuna mbuzi shambani. Aliwakataza pombe siku tatu kabla ya mechi, na mechi ikiisha aliwapanga mstari wawape mkono walioshindwa. Siku ya kwanza vijana walimletea kigoda cha Methusela, kilichokuwa kimeachwa kwenye banda la shule. Yotham alikuwa akisimama juu yake apate kupiga kelele vizuri. Seth, kwa heshima, alikikalia.

Alikuwa na miaka thelathini hivi, au alikisia hivyo. Alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa akiwa mtoto mdogo, akaokolewa pwani, akapewa jina na Wazungu wa misheni, na kwao hapajui. Lugha ya mama yake ilimtoka kichwani kabla hajaota meno ya pili. Tangu hapo alikuwa akipelekwa tu: shule hii, kituo kile, mahali penye upungufu wa mwalimu. Huko Hombolo alikuwa katika mwaka wake wa nne, na hakuna mahali alipowahi kukaa muda mrefu hivyo. Alikuwa amekwisha kujua ni njia ipi inayoteleza wakati wa masika na ni mzee yupi hasikii kwa sikio la kushoto. Usiku alilala katika chumba nyuma ya shule, akapika mwenyewe, akala mwenyewe, akasahihisha vibao vya kuandikia vya watoto. Watu walimheshimu mno. Hata wenye mvi walimpisha njiani. Lakini hakuna aliyewahi kuingia chumbani mwake bila kubisha hodi, wala aliyekaa baada ya kumaliza shida iliyomleta, na zilikuwako Jumapili ambazo baada ya sala hakusema neno na mtu mpaka Jumatatu asubuhi.

Kwa hiyo mpira ulikuwa kila kitu kwake. Waliporudi kutoka Dodoma, mwendo wa nusu siku, vijana walitangulia na yeye akafuata nyuma na mfuko wa mpira, na upepo ulimletea maneno yao. Daima yalikuwa ya wakubwa waliotangulia. Methusela, fisi yule, aliyekufa na bado tumbo lake limebaki likidai chakula. Yotham, punda yule, kapiga kelele mpaka reli ikamsikia ikaja kumchukua. Walicheka mpaka wakashikana mabega wasianguke. Yeye akiwakaribia, kicheko kilikatika. Bartolomayo, yule golikipa wa mbuzi, ambaye sasa alikuwa nahodha, alikuwa akigeuka na kusema kwa upole kwamba leo mwalimu amewafundisha vizuri. Wengine waliitikia.

Seth alilisikia hilo na kulipima. Wawili wanatukanwa, mmoja anasifiwa. Hukumu gani nyingine mtu angetaka? Alikuwa akienda kulala na sifa hizo, akizirudia gizani moja moja, na hakuelewa kwa nini hazimpi joto.

Liko jambo moja ambalo lazima lisemwe hapa, la Matonya na kofia. Matonya hakuwa Mkristo wala hakutaka kuwa. Alikuwa mfugaji, mzee mwenye masikio yaliyotobolewa na kutiwa vipande vya mti, na tangu mpira ulipoletwa hakukosa mechi. Kazi yake uwanjani ilikuwa kutukana. Alimtukana Methusela mpaka akamwamsha, akamtukana Yotham mpaka Yotham akasahau kuwapigia kelele wachezaji, na wote wawili walimrudishia matusi yake na riba. Seth alipokuwa mwalimu wa kawaida tu alimwona kuwa mzee asiye na adabu na kumkwepa.

Ilikuwa katika mechi ya pili ya Seth, wakati wa mapumziko. Vijana wanakunywa maji. Matonya akaja moja kwa moja mpaka kwenye kigoda, akamvua Seth kofia yake ya ukindu, akaivaa kichwani pake, akaanza kutembea mbele ya watu wote kwa hatua za kujinyoosha kama anavyotembea Seth. Kisha akageuka akasema, tena kwa sauti ya kusikika ng'ambo: "Nani kamzaa huyu? Kaokotwa njiani kama kuni! Mama yake alimweka chini apumzike kidogo, akamsahau. Mpeni maziwa, bado ananyonya!"

Vijana wote walikuwa wakimtazama Seth, vinywa vimeanza kufunguka, meno yanaonekana, wanangoja. Hakuna mtu aliyewahi kumtajia mama yake tangu awe mtu mzima, na huyu alimtaja mbele ya mji. Alisema kwa sauti ndogo sana, "Nirudishie kofia yangu."

Matonya alimtazama, kisha akamrudishia. Vijana wakafumba vinywa vyao, wakaenda kucheza, wakashinda mbili bila.

Jumatatu Seth alikwenda kwa Padri, na Padri, ingawa alisitasita na kumwuliza mara mbili kama ana hakika, alimwandikia barua jumbe, mkuu wa kijiji. Jumbe akamwita Matonya. Ikaamuliwa alipe mbuzi wa kuomba radhi. Matonya alimleta mwenyewe, beberu mzuri mweusi, akamfunga kwenye mlango wa shule, akasimama huku ameshika fimbo yake.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. "Nilidhani."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani tu."

Seth alimchinja yule mbuzi akawagawia watu wa misheni nyama, nao wakaipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Tangu siku hiyo Matonya alikuja kwenye mechi kama kawaida, akamwamkia Seth "Mbukwenyi, mwalimu," akakaa upande wa pili wa uwanja, na hakufungua tena kinywa. Seth aliona kwamba amefanya jambo ambalo wenzake wawili walishindwa kulifanya kwa miaka yote. Ameleta adabu.

Basi mwaka ukapita namna hiyo, kwa ushindi na kwa adabu, mpaka barua ya Askofu ikafika. Kulikuwa na kituo kipya kinafunguliwa huko magharibi, mbali kupita Tabora, na alitakiwa mwalimu mmoja asiye na mke wala watoto wala shamba. Padri hakuwa mtu wa kuzunguka. Alimwita Seth barazani, akamsomea barua, akamwambia kwamba ni yeye anayelengwa, lakini Askofu ameacha nafasi: mwalimu ambaye watu wa mahali pake wanamhitaji asing'olewe. "Jumapili baada ya sala nitawauliza wazee na vijana," alisema Padri. "Wakisema hawawezi kukuachia, nitaandika hivyo, na utabaki hapa mpaka uzeeke. Wasiposema, utakwenda."

Seth aliporudi chumbani kwake alikaa kitandani muda mrefu. Hakuwa akiogopa magharibi. Amepelekwa mara nyingi, na safari moja zaidi isingemwua. Lakini katika mara zote hizo, hakuna mahali ambapo mtu alisimama akasema: huyu haondoki. Alilitaka neno hilo kuliko alivyopata kutaka kitu chochote, na sasa lilikuwa karibu, siku nne tu. Alianza kujilinganisha upya na wale wawili, mechi kwa mechi, goli kwa goli, kama mtu anayekagua silaha zake. Tano kwa sita. Moja kwa nane. Sifuri. Asingeweza kushindwa.

Jumapili ikafika. Watu walikaa nje ya kanisa, wazee kwenye magogo, vijana chini, wanawake pembeni. Seth aliwekewa kiti karibu na Padri. Padri akaeleza habari ya barua, kisha akauliza.

Bartolomayo alisimama kwa niaba ya wote. Alikuwa amevaa shati lililofuliwa, na alizungumza kwa kuchagua maneno. Alisema mwalimu Seth ni mtu mwema. Hawajapata kuona kosa lake hata moja. Amewashindia mechi tano, amewafundisha watoto kusoma, hajamdhulumu mtu. Popote atakapokwenda, watu wa huko watashukuru. "Na ikiwa Askofu ndiye anayemwita," alimaliza, "sisi ni nani hata tumzuie?"

Wazee walitikisa vichwa kukubali. Mmoja aliongeza kwamba mwalimu ni mtu mwema sana, na mwingine kwamba hilo ni kweli. Seth alikuwa bado anangoja. Alidhani maneno hayo ni utangulizi, kwa kuwa yalikuwa mazuri mno, na maneno mazuri namna hiyo lazima yawe yanaelekea mahali.

Padri akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani basi atakayeshika mpira.

Hapo Bartolomayo akasahau kuchagua maneno. Uso wote ulimfunguka. Alisema yule mpumbavu Yotham yupo Dodoma, kazi imeisha relini, wamemfukuza kwa makelele yake. Miguu imempinda, kanzu ni ile ile, na sauti ya punda hajaiacha njiani. Atawafungisha mechi zote, hilo wanalijua, na pengine ataanguka tena mbele ya Wahindi. Lakini afadhali aletwe, maana la kufanya hawana. Vijana walikuwa wamekwisha anza kucheka. Mzee mmoja akafuta machozi akasema usiache mbachao kwa msala upitao, hata kama mbachao una kunguni, na hapo ndipo baraza zima lilipoangua kicheko, wanawake na watoto, mpaka mbwa wakabweka.

Seth alimgeukia Padri. Bila shaka Padri amesikia. Ametukanwa Yotham mbele ya kanisa, amesifiwa Seth. Kuna mtu gani mwenye masikio ambaye angeshindwa kujua uamuzi uko upande gani? Lakini Padri hakumtazama. Alikuwa ameinamia karatasi yake, anaandika, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Ilimchukua Seth muda kuelewa kwamba mkutano umekwisha. Watu walikuja mmoja mmoja kumpa mkono.

Mchana huo alikwenda kwa mama Anyesi, mjane wa Methusela, aliyekaa tembe la mwisho kabla ya mto. Hakuwa na mazoea ya kwenda kwa watu, na alisimama uani kwanza kama mtu aliyetumwa akasahau alilotumwa. Anyesi alikuwa akipepeta uwele. Alimtolea ngozi akae, akaendelea na kazi yake, akimngoja aseme. Seth akamwuliza hivi hivi, bila kuzunguka: ilikuwaje watu wamchague mtu wanayemdharau?

"Nani anadharauliwa?" Anyesi aliuliza.

Seth akamhesabia. Fisi. Punda. Mlafi. Mpumbavu.

Anyesi aliweka ungo chini. Alimwuliza kama aliyaona mazishi ya mumewe, na Seth akasema aliyaona, ndio ulikuwa mwaka wake wa kwanza, na kwamba yalimwudhi. Maana siku ile, jeneza likiwa tayari, Padri ameshika kitabu, Matonya alishuka kaburini akalala chali. Akasema kaburi ni lake, Methusela arudi nyumbani akamalizie maziwa yake, mlafi yule, hata ardhi anataka aile peke yake. Hakutoka mpaka alipopewa jogoo. Seth alikuwa ametazama pembeni kwa aibu. Hakuona kwamba Anyesi, ambaye alikuwa hajalia wala kula kwa siku mbili, alicheka siku ile pale pale kaburini, na kicheko kikageuka kilio, na ndipo akaweza kumwacha mumewe ashushwe.

Yote hayo Anyesi alimweleza sasa, bila haraka. Alimweleza kwamba ukoo wa Methusela na ukoo wa Matonya ni watani tangu mababu. Mtani anakutukana, anachukua kitu chako, anakutajia mama yako na baba yako, na huruhusiwi kukasirika, kwa kuwa siku ya msiba ni yeye atakayechimba, atakayepika, na atakayewachekesha watoto wako wasife kwa huzuni. Na hawa vijana wa mpira, kwa kuwa walikuwa wa Methusela, waliingia wote katika utani ule, mpaka ukawa ndio lugha yao. Mtu wasiyemtukana ni mgeni. Wanamtandikia ngozi nzuri, wanamsifu, wanamsindikiza.

Upepo ulikuwa ukipeperusha makapi.

"Mama," alisema Seth, "mimi nikifa, nani atalala kaburini mwangu?"

Mwanamke mwingine angemdanganya, na dhambi yake ingekuwa ndogo. Anyesi hakujua kudanganya.

"Alikuja mmoja, mwanangu," alisema. "Ulikuwa umekalia kigoda cha Methusela. Akasema, aliyekalia kigoda cha Methusela ni wa nyumba ya Methusela. Akaja kukuchukua. Ukamtoza mbuzi."

Kesho yake Seth aliwaachia wanafunzi mapema. Alinunua beberu mweusi kwa mfugaji wa jirani, akamfunga kamba, akashika njia ya kwa Matonya. Mtu mwingine angekaa chumbani akalia, lakini Seth alikuwa mwalimu, na mwalimu huamini kwamba kosa likishajulikana linasahihishwa. Njia nzima alikuwa akitunga. Alitunga tusi juu ya masikio ya Matonya, akaliacha. Akatunga la ng'ombe wa kuibwa, akalirudia kwa sauti mara nne tano, huku mbuzi akimvuta upande wa majani.

Matonya alikuwa uani kwake na wanawe na wake zake, wanagawana nyama ya ndama aliyevunjika mguu. Seth alisimama mlangoni mwa boma. Akavuta pumzi. Akasema kwamba Matonya ni mzee mwizi, kwamba hakuna ng'ombe zizini mle asiyeibwa, kwamba hata masikio yake ameyatoboa apate kuning'inizia vitu vya watu. Alisema yote, mpaka mwisho, kwa sauti ya mtoto anayekariri somo mbele ya mkaguzi.

Hakuna aliyecheka. Mke mmoja aliinama akaendelea kukata nyama. Mwana mkubwa wa Matonya alimtazama baba yake ajue kama kuna la kufanya, na Matonya akamtuliza kwa mkono. Kisha mzee akainuka kutoka kwenye kigoda chake mwenyewe, akakifuta vumbi, akamsogezea Seth.

"Umechoka, mwalimu. Kaa."

Seth alikaa. Alieleza kwamba amekuja kurudisha mbuzi, kwamba siku ile hakujua, kwamba pwani alikolelewa jambo kama lile ni tusi la kweli. Matonya alimsikiliza mpaka akamaliza. Hakuwa na hasira. Kama angekuwa nayo ingekuwa afadhali.

"Nilijua hukujua," alisema. "Nilijua siku ile ile. Ndiyo maana nilikulipa bila maneno. Lakini tulikwenda kwa jumbe, mwalimu, na damu ikamwagika, na watu wakala. Kwetu mkishalipana mbuzi, mmemalizana. Na ukinilipa huyu tena leo, tutakuwa tumelipana mara mbili. Watu wanaolipana ni watu wasiojuana."

Akaagiza Seth aletewe nyama, kipande cha paja, sehemu ya mgeni. Seth akaila yote, kwa kuwa kuiacha kungekuwa ukosefu wa adabu. Alipoondoka, Matonya alimsindikiza mpaka kwenye njia panda na kumkabidhi kamba ya mbuzi wake.

Siku ya safari vijana wote walishuka naye Dodoma. Hawakumwacha abebe hata mwavuli. Bartolomayo alichukua sanduku, mwingine vitabu, mwingine kuku wawili wa zawadi, na Padri akampa Biblia mpya iliyoandikwa jina lake kwa mkono. Stesheni walimkuta Yotham, amekwisha kupewa mpira, amepungua mwili, kanzu ile ile. Yotham alimshika Seth mkono kwa mikono miwili akamwambia kwamba timu ameikuta nzuri mno, na kwamba hatajisamehe kwa jinsi atakavyoiharibu. Seth alimwambia uwanja unataka majivu mapya kabla ya mvua. Yotham akaahidi kwa dhati, na ilikuwa wazi kwamba atasahau.

Wakajipanga mstari kumuaga. Kila mmoja alisema lake, na yote yalikuwa mazuri. Matonya naye alikuwapo. Alikuja na fimbo yake, akampa Seth mkono akamtakia safari njema na afya na mvua huko aendako, akarudi nyuma. Seth alipanda behewa la watu weusi akapata nafasi dirishani, kando ya mfanya biashara mmoja wa Tabora aitwaye Mustapha, mtu mwenye maneno mengi na kikapu cha tende.

Gari la moshi lilipopiga filimbi, vijana waliinua mikono. Lakini wakati huo huo Matonya alimwendea Yotham kwa nyuma, akalinyakua lile pindo la kanzu, akaanza kuitangazia stesheni nzima kwamba nguo hii imemchosha kuiona, inanuka, ivuliwe ichomwe kwenye moto wa gari la moshi. Yotham alipiga ukelele. Wakaanza kukimbizana, mzee na mtu mzima, kati ya mizigo na Wahindi na askari aliyesimama ameduwaa, na vijana wote wakageuka kutazama, wameshikana mabega, wanacheka mpaka wanaishiwa pumzi. Mikono ilishuka. Walipokumbuka kupunga, behewa la Seth lilikuwa limekwisha pita maghala ya mwisho ya mji.

Yeye alikuwa bado ametoa mkono dirishani. Akaurudisha ndani, akauweka juu ya goti.

Mustapha alimkaribisha tende. Alisema alikuwa akiwatazama wale watu tangu mwanzo, na kwamba amesafiri sana, lakini ni nadra kumwona mtu anaagwa namna ile. Wanampenda sana, hilo liko wazi.

"Nimewasikiliza wote," alisema Mustapha. "Hakuna aliyekusema neno moja baya."

"Kweli," alisema Seth. "Hata mmoja."